Pete ya Ngozi Kwenye Kidole cha Meliyo

Jumamosi, Julai 1948

Leo mlima haukuonekana kabisa. Ukungu umeshuka tangu alfajiri mpaka kwenye migomba, na baridi imenifanya nivae koti la mume wangu juu ya kanga mbili. Kahawa iliyoiva inaningoja mtini, nami nimekaa jikoni karibu na moto, naandika. Nisipoandika leo, maswali yatanikosesha usingizi.

Kesho mwanangu Meliyo anabatizwa.

Asubuhi ya leo nisingeweza kuandika sentensi hiyo bila kuanza na neno "labda". Ngoja nieleze tangu mwanzo, maana mambo yenyewe yanachekesha na kuogopesha kwa pamoja, na mimi mwenyewe bado sijayaelewa sawasawa.

Wakati wa masika Meliyo aliugua homa kali. Alikuwa mchanga bado, hana hata jino. Tulimpeleka dispensari akapewa dawa chungu, akaitapika, akapewa nyingine. Mimi na mume wangu Yakobo tuliomba mpaka magoti yakauma. Naye baba mkwe wangu, Mzee Saruni, ambaye hajabatizwa na hana haraka ya kubatizwa, aliuzunguka mlima mpaka kwa ndugu zake Oldonyo Sambu, akarudi na kondoo dume wa rangi moja, asiye na kovu wala kilema. Akamchinja nyuma ya boma. Wazee wakala nyama, mimi mama wa mtoto nikapewa mafuta na supu, na kwenye ngozi vikakatwa vipande viwili vyembamba vyenye tundu. Kimoja Mzee alikivisha kidole cha kati cha mkono wa kulia wa Meliyo. Kingine alikivaa yeye.

Ndiyo desturi yetu sisi Waarusha. Pete ya namna hiyo haivuliwi na haikatwi. Inaachwa ikauke, ichakae, idondoke yenyewe siku ikitaka. Na waliovaa ngozi moja wamefungwa pamoja.

Mtoto akapona.

Ukimuuliza Yakobo ni nini kilichomponya, atasema dawa na maombi. Ukimuuliza Mzee, atakuinulia kidole. Mimi nakiri hapa, ambapo hakuna wa kunisuta, kwamba nilifurahi vyote vitatu vilikuwepo, wala sikutafuta kujua ni kipi kilichofanya kazi. Mama wa mtoto mgonjwa hachagui.

Taabu ilianza tulipoandikisha jina la Meliyo kwa ubatizo. Mwinjilisti wetu, Mwalimu Elifasi, ni Mmeru mpole mwenye sauti nene ya kuimba, na watu wanampenda kwa sababu hapigi kelele hata akikasirika. Aliiona pete, na baada ya ibada akaniambia kwamba mtoto hawezi kufikishwa kwenye maji ya ubatizo akiwa na alama ya kafara kidoleni. Mtu havai maagano mawili, alisema. Iondolewe. Na mchungaji anayebatiza anatoka mbali; akishaondoka kesho, hatarudi mpaka karibu na Krismasi, na mtoto wa homa hujui Krismasi itamkuta vipi.

Yakobo alipompelekea baba yake habari hiyo, Mzee alijibu maneno machache. Mkikata ya mtoto, mmekata na yangu. Huko kanisani kwenu sitakuja, na mtoto huyo msimlete kwangu nimbariki.

Kwetu mtoto ambaye babu yake hajamtemea mate ya baraka ni mtoto wa nusu. Waliosoma watasema ni ushamba, lakini wakiwa peke yao wanaogopa, na mimi ni mmoja wao.

Tena mimi na Mzee tuna jambo letu. Siku nilipoletwa hapa kuolewa, nilisimama mlangoni nikakataa kuingia, kama inavyompasa bibi arusi, mpaka aliponiahidi kondoo jike. Tangu siku hiyo haniiti Naomi, wala mimi simwiti kwa jina lake. Ananiita Paker, nami namwita Paker. Maana yake ni sisi tuliounganishwa na kondoo. Wengine huunganishwa na mbuzi au ng'ombe, na kila mnyama ana jina lake la kuitana. Yakobo huwa anatania kwamba mimi na baba yake tukikutana ni kama zizi linasalimiana.

Basi Alhamisi nilikwenda kwenye darasa la wazazi nikiwa na Meliyo mgongoni na mzigo huu kifuani. Somo lilikuwa, kana kwamba Mwalimu alilipika kwa ajili yangu, jinsi agano la kale linavyolielekea agano jipya. Alifundisha vizuri. Alieleza yule mwana-kondoo wa Misri na damu yake kwenye miimo ya milango. Akaeleza Musa chini ya mlima, jinsi alivyomimina nusu ya damu madhabahuni na nusu nyingine akawanyunyizia watu. Kisha akafika kwenye chakula cha mwisho, Bwana akishika kikombe na kusema hili ndilo agano jipya katika damu yake. Yale ya kwanza, alisema Mwalimu, ni kama kidole kinachokuonyesha njia. Ukishafika unakokwenda, hukai ukikitazama kidole.

Nikamtazama Meliyo kidole.

Kisha, kama kawaida yangu, nikanyoosha mkono. Niliuliza kama Waisraeli walipokuwa wakitoka Misri kuna aliyewaambia waifute kwanza ile damu milangoni. Mama aliyekaa kando yangu alinifinya paja. Mwalimu akasema haikuandikwa. Nikauliza kama basi walipita chini yake ikiwa bado ipo. Akasema walipita. Nikauliza wale walionyunyiziwa na Musa, waliagizwa waioshe siku gani.

"Naomi," alisema Mwalimu, "wewe ungekuwa Misri, tungechelewa kutoka."

Darasa zima likacheka, nami nikacheka.

Mwalimu akaongeza jambo moja ambalo linanisumbua mpaka sasa. Alisema kondoo wa Musa aliagizwa na Mungu. Huyu wa Oldonyo Sambu aliagizwa na nani? Hilo swali ni la haki. Sitaki kujidanganya kwamba kondoo wote ni wamoja kwa kuwa wote wana sufu.

Hata hivyo nakumbuka nilipokuwa msichana shuleni, bibi mwalimu wa Kizungu aliyetufundisha habari ya Misri alijitahidi sana kutueleza kwa nini ilihitajika damu. Alizunguka huku na huko, maskini, jasho likimtoka. Sisi tulikuwa tumeshaelewa tangu alipotamka neno kondoo. Damu haikutushangaza hata kidogo. Kilichotushangaza ni kuambiwa kwamba sasa imetosha, kwamba amechinjwa mmoja na hakuna haja ya kuchinja tena. Hapo ndipo tulipouliza maswali, na hapo yeye alidhani ni jambo rahisi.

Siku moja nilijaribu kumweleza Mzee. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: huyo mwana-kondoo wenu, nyama yake waligawana akina nani? Nikamweleza mkate na kikombe. Akasema, "Afadhali, mnajua kugawana," akaenda kuangalia mbuzi wake.

Sasa ya leo.

Asubuhi Mzee alikuja na kibuyu cha maziwa, kama afanyavyo kila Jumamosi, akaketi kwenye kigoda chake uani. Niliinamisha kichwa akanigusa utosini, tukaitana Paker, tukaulizana habari za ng'ombe. Kuhusu kesho hakusema neno. Aliuliza mtoto yuko wapi, nikasema amelala. Yakobo hayupo, amepeleka lori la kahawa Moshi na atarudi jioni, kwa hiyo nilikuwa peke yangu.

Kabla maziwa hayajachemka, Mwalimu Elifasi akatokea kwenye ukungu kati ya migomba. Nilimlaki kabla hajafika uani. Aligusa mfuko wa shati, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ana wembe. "Nimekuja niikate mwenyewe, ili mzee anichukie mimi. Nyinyi mnaishi naye."

Nilitaka kulia. Mtu anayekubali kuchukiwa kwa niaba yako si wa kumchezea.

"Shikamoo, mzee," alisema Mwalimu.

"Marahaba. Umekuja na kisu?"

"Nimekuja na wembe."

"Afadhali wewe husemi uongo. Keti."

Mzee anajua Kiswahili cha sokoni, nacho kinamtosha kwa ugomvi. Alimuuliza Mwalimu kama mtoto akiugua tena huo wembe utamponya. Mwalimu akasema hautamponya, na hata ngozi haikumponya. Mzee akauliza, "Ulikuwepo?" Mwalimu akakiri hakuwepo. Kisha Mwalimu akasema, polepole, kwamba haji kumdharau mtu aliyezunguka mlima mzima kwa ajili ya mjukuu, ila kuna damu moja iliyomwagwa ikatosha, na mtoto huyu anatiwa ndani ya hiyo. Mzee akasema kama imetosha, kipande kidogo cha ngozi kinaipunguzia nini.

Ulimi ulikuwa unaniwasha! Swali hilo ningeliuliza mimi. Lakini mkwe haingii katikati ya wanaume wanaobishana, kwa hiyo nikauliza tu, "Nimlete?"

"Mlete," walisema wote wawili. Ni neno la kwanza walilokubaliana leo.

Nikaingia ndani. Meliyo alikuwa ameshaamka, yuko kimya, macho meupe gizani. Nikafunua shuka, nikashika mkono wake wa kulia.

Kidole kilikuwa kitupu.

Palikuwa na mstari mweupe tu pale ngozi ilipokuwa imekaa tangu masika. Nilikung'uta shuka. Nilipapasa kitandani, chini ya kitanda, kwenye majani ya sakafuni, kwenye nguo zangu mwenyewe. Hakuna. Niliona wazi kitakachofuata. Mzee atasema nimeikata kwa siri kabla hajafika. Na Mwalimu, kwa wema wake, atanisifu mbele yake, na sifa hiyo itanimaliza.

Nikatoka na mtoto. Ningefanya nini?

Mzee aliona kabla sijafika. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kidoleni. Hakupaza sauti.

"Umeikata," alisema. Kisha akaniita, "Naomi."

Sijawahi kumsikia akilitamka jina hilo tangu niingie katika boma hili. Lilikuwa jina langu mwenyewe, la ubatizo, nalipenda, na leo lilinichoma kama moto. Nilielewa kwamba amemtwaa tena kondoo wake. Hakuna Paker tena.

Nikaapa sijaikata. Mwalimu naye akasema, "Mwenyewe anasema hajakata, mzee," na ndipo Meliyo, mikononi mwangu, akakohoa. Akakohoa tena, akawa mwekundu, pumzi ikakwama. Ndugu yangu yeyote utakayesoma haya siku moja, sina maneno ya dakika ile. Nilimgeuza kifudifudi nikampiga mgongoni, Mwalimu akiita jina la Yesu, Mzee akiliita la Engai, ndiye Mungu kwa Kimaa, na sidhani kama kuna aliyekuwa akihesabu tofauti. Nikaingiza kidole kinywani mwake. Kwenye ufizi wa chini, katikati ya vijino viwili vilivyotoka juzi, palinasa kitu. Nikakivuta.

Kilikuwa kipande cha ngozi kidogo kuliko ukucha, kimelainika kama uji, na unywele mmoja wa kondoo.

Meliyo akavuta pumzi, akalia kwa nguvu zake zote, akanyamaza, akatutazama mmoja mmoja, akacheka na mate yake.

Tangu meno yaanze kumsumbua amekuwa akinyonya mkono ule ule kutwa nzima. Mimi nilikuwa nikiuona na kushukuru kwamba ananyamaza! Ngozi ile ilikuwa na mafuta na chumvi. Nani asingenyonya?

Mzee alichukua kile kipande akakiinua kwenye mwanga. Akaingiza kidole chake kinywani mwa mjukuu, na mjukuu akamng'ata.

"Ana meno!" alisema Mzee, kama mtu aliyeonyeshwa kitu kipya mnadani. Kisha, "Ameila?"

"Ameila, baba," nikasema. Sikuthubutu kusema lile jina lingine.

Mzee akacheka. Alianza kidogo, tumboni, kisha akacheka mpaka mbuzi wakainua vichwa. Mwalimu alijikaza uso kama mtu aliye kwenye maziko, akashindwa, akacheka naye. Mimi nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, na kamasi zikanitoka, na sikujali.

Alipotulia Mzee alisema, kwa Kimaa, nami nikamfasiria Mwalimu: "Siku ile ya kondoo tulikula wote isipokuwa huyu. Hakuwa na meno. Fungu lake lilibaki kidoleni. Sasa amelila." Akanitazama. "Hakuna aliyelikata, Paker."

Nilikaa chini kwenye majani yenye umande, na mtoto wangu.

Mwalimu Elifasi alikuwa akiuviringisha wembe wake kwenye karatasi. Bila kututazama alisema kwamba hata yule wa Misri waliagizwa wamle, wasimsaze mpaka asubuhi. Neno lilikuwa limeshamtoroka. Mimi nikafungua kinywa. Akainua mkono.

"Naomi, usiulize. Na usijenge imani juu ya meno ya mtoto."

Sikuuliza, na sitajenga. Lakini humu ndani naruhusiwa kufikiri. Siku zote nilidhani njia ni mbili tu: ya kale ivaliwe au ikatwe. Sikufikiri kwamba kitu kinaweza kuondoka kidoleni kwa kuingia ndani ya mtu. Bwana alisema hakuja kuyatangua yale ya kwanza, alikuja kuyatimiza, na sisi darasani tulilikariri neno hilo kama kasuku. Je, kutimiza ni kitu cha namna hii? Chakula cha jana hakuna anayekitafuta leo kwenye sahani, wala hakuna anayesema kimepotea. Au ninacheza na mambo makubwa? (Na mimi ndiye mfua vitambaa vya mtoto, najua kilichoingia kitatoka. Sijamwambia Mwalimu wazo hilo.)

Swali lake bado liko palepale, kondoo wetu aliagizwa na nani. Sitalijibu leo. Ninachojua ni kwamba kesho mwanangu anakwenda kwenye maji kidole kikiwa kitupu, na sikumpoteza babu yake kwa ajili hiyo.

Walipokuwa wakiagana, Mzee akauliza kesho nani atakayemshika mtoto. Mwalimu akamweleza: mama yake na wazazi wa ubatizo, watu waliokwisha kubatizwa. Mzee akatafakari.

"Maji yenu mnayamwaga wapi?"

"Kichwani, mzee."

"Basi kichwa ni chenu. Mimi nitamshika miguu."

Mwalimu alimtazama. Akatazama ile pete ya pili, iliyo bado kwenye kidole cha Mzee, nyeusi kwa moshi na kazi. Nilidhani atakataa. Nadhani hata yeye alidhani atakataa.

"Habari ya miguu haikuandikwa popote," alisema mwishowe.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo uje mapema, mzee. Kanisa litajaa."

Akaondoka kwenye ukungu, na Mzee akaondoka upande wake, kila mmoja akicheka peke yake. Nilibaki na maziwa yaliyomwagika motoni.

Nimeshapiga pasi gauni jeupe. Meliyo ananyonya kidole chake kitupu, anakitafuta kitu asichokiona. Nampenda mzee huyu kuliko nilivyowahi kumwambia, na kesho atasimama mbele ya watu wote ameshika nyayo za mwanangu.

Simjui mchungaji anayekuja, kama humwaga maji mengi au hudondosha matone. Naomba yawe mengi. Naomba yashuke utosini, yapite shingoni, yalowanishe gauni hili nililolipiga pasi, yateremke.

Yatafika miguuni?